Msiseme Ni Uzee

Wanangu, kila nikimsikia mmoja wenu akisema "mzee yule akili imechoka, ni uzee tu," napata uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Uzee naujua, naishi nao. Uzee unachukua meno, unachukua magoti, unakufanya uingie chumbani na kusimama ukijiuliza umefuata nini. Huo ni uzee. Lakini mtu aliyekuwa mweka hazina wa usharika miaka nenda rudi, aliyejumlisha sadaka kichwani kabla wenzake hawajatoa kalamu, akija kushindwa kujua noti ya elfu kumi irudishiwe chenji gani, msiniambie ni uzee. Rika langu ninalo hapa hapa Machame, wengine wamenizidi miaka, na bei ya kahawa wanaikokotoa mpaka shilingi ya mwisho. Kuna jambo lilimpata yule mzee mapema, alipokuwa na umri mlio nao ninyi sasa, na mara nyingi jambo hilo ni presha.

Najua mtaguna. Mmeyasikia haya Desemba ya mwaka jana na ya mwaka juzi, mkaitikia "ndiyo Baba" huku mnatazama simu. Sina nguvu ya kuwapigia kelele. Nitasema polepole, na atakayechoka aende akatembee kwenye migomba kisha arudi.

Ubongo hauzidi sana 2% ya uzito wa mwili, lakini hata mtu akiwa amelala unakula karibu 20% ya nguvu yote ambayo mwili unatumia. Na hauna ghala. Damu ikikatika dakika chache, sehemu iliyokatiwa inaanza kufa. Ndiyo maana ndani ya kichwa kuna mishipa mingi ajabu, na mingine ni myembamba kuliko unywele.

Mnaijua mifongo yetu, hii mifereji ya kumwagilia mashamba. Hata ninyi mliokulia Dar mmeiruka mkija kutusalimia. Waliochimba mifongo hawakuwa wajinga. Maji yanatoka mtoni kwa nguvu, yanaingia mfongo mkuu, yanagawanywa, yanagawanywa tena, na yakifika kihambani, kwenye migomba, yamekuwa mapole, hayang'oi udongo. Mishipa mingi ya mwili imepangwa hivyo hivyo. Lakini chini kabisa, katikati ya ubongo, mishipa midogo inachomoka moja kwa moja kwenye mishipa mikubwa bila kugawanywa hatua kwa hatua. Ni sawa na mtu kutoboa mfongo mkuu ubavuni ili amwagilie mgomba mmoja. Presha ikiwa ya wastani, mshipa ule unavumilia. Ikipanda na kukaa juu miaka 10, miaka 15, ukuta wake unajihami kwa kunenepa na kukakamaa, na tundu la kupitisha damu linazidi kuwa dogo.

Hapo moja kati ya mawili hutokea. Mshipa unaweza kupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Hicho ni kiharusi mnachokijua, cha mtu kuanguka bafuni. Au mshipa unaziba. Ukiziba mdogo sana, kinachokufa ni kipande cha milimita chache tu, na mwenyewe hajui. Hakupinda mdomo, hakupooza mkono, aliamka akanywa chai. Baada ya miezi kinakufa kingine. Na pembeni ya vishimo hivyo, nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine zinakosa damu ya kutosha na kuchakaa. Kwenye picha za MRI zinaonekana kama mabaka meupe. Mtu anaweza kubeba mabaka hayo miaka mingi huku akiendesha gari, akigombea uenyekiti wa kijiji na kushinda.

Na hapa nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hapa ndipo wanapopotea. Ubongo unaoharibiwa na presha mara nyingi hauanzi kwa kusahau. Mama mwenye hali hiyo atakutajia nani alicheza na nani kwenye harusi ya 1974, na kitambaa cha gauni kilikuwa rangi gani. Kinachotangulia kuondoka ni wepesi na mpangilio. Mwanamke aliyepikia watu 300 kwenye msiba bila kuandika kitu, leo anasimama mbele ya sufuria ya mtori hajui aanze na ndizi au na nyama. Ukimuuliza swali, jibu linakuja, ila linachelewa, na ninyi mlio na haraka mmeshamjibia. Hatua zinakuwa fupi, miguu inaburuta kama ina matope. Mkojo unambana ghafla. Analia kwa jambo dogo, au anakaa kimya siku nzima bila hamu ya chochote. Nyumbani mnasema amekuwa mkaidi, amekuwa mvivu, anatutesa makusudi. Wapo wanaosema mabaya zaidi ya hayo juu ya wazee wa namna hii, kwamba ni wachawi, na mnajua katika nchi hii maneno hayo yamewafikisha wapi bibi zetu wenye macho mekundu.

Sisemi kila anayepotewa na akili amepotezwa na presha. Upo ugonjwa wa Alzheimer, ambao njia yake ni nyingine na kumbukumbu ndiyo unayoishika kwanza. Lakini katika vichwa vingi vya wazee yote mawili yanakutwa pamoja, na kichwa ambacho presha imeshakichosha hakina akiba ya kupambana na lile la pili.

Sasa mtasema: Baba, mimi sijisikii chochote. Kichwa hakiniumi. Ndiyo. Haiumi. Wengi wenye presha hawaumwi kichwa hata siku moja, na wengi wanaoumwa kichwa hawana presha. Anayesubiri dalili ndiye ninayemzika.

Mnajua habari za Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa vita kuu ya pili. Machi 1944 daktari wa moyo aitwaye Howard Bruenn alimpima katika hospitali ya jeshi la majini kule Bethesda, akakuta presha ni 186 kwa 108, na moyo umeshaanza kuchoka. Daktari wake wa siku zote, Ross McIntire, aliendelea kuwaambia watu kwamba rais ni mzima. Mzee akagombea tena, akashinda, akasafiri mpaka Yalta Februari 1945 kugawana dunia na Stalin na Churchill. Tarehe 12 Aprili, akiwa amekaa anachorwa picha huko Warm Springs, Georgia, alilalamika maumivu makali kisogoni, akazimia. Presha iliyopimwa siku ile ilikuwa 300 kwa 190. Damu ilikuwa imemwagika ubongoni. Alikufa akiwa na miaka 63, na mimi nimeshaupita umri huo. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama akili yake ilikuwa timamu pale Yalta. Mimi ubishi huo nawaachia wao. Ninachokiona ni kwamba mtu mwenye mamlaka kuliko wote duniani hakuwa na kidonge, kwa sababu dawa za kuishusha presha vizuri zilikuwa bado. Alipewa dawa ya moyo, akaambiwa apunguze chumvi, apumzike. Ninyi mnayo amlodipini, inauzwa kwenye duka la dawa pale Boma Ng'ombe kwa bei isiyofika soda mnazonywa kwa wiki, na mnaiacha ikae kwenye droo.

Mkidhani haya ni mambo ya Wazungu, tuje nyumbani. Hapa hapa wilayani Hai watafiti waliwapima presha wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, na matokeo yakachapishwa 2013. Karibu 70% walikuwa nayo. Wengi wao hawakujua. Katika waliojua, wengi hawakuwa kwenye dawa, na katika waliokuwa kwenye dawa, ambao presha yao ilikuwa imeshuka inavyotakiwa walikuwa wachache wa kuhesabika. Mwaka huo huo zikatoka habari za utafiti mwingine, wa vijiji 6 vya Hai: katika wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 katika kila 100 walikuwa na demensia, yaani akili imeharibika kiasi cha kushindwa kujitunza. Hesabuni nyumba za ukoo wetu muone ni wangapi.

Halafu kuna jambo la kiharusi, ambalo ninyi wa Dar ndio hasa mngelisikiliza. Kati ya 2003 na 2006 walihesabu viharusi vipya Hai na Dar es Salaam. Wakisawazisha umri, Hai ilikuwa na 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar ilikuwa na 316. Karibu mara tatu. Mnapotuhurumia sisi tuliobaki mlimani na barabara ya vumbi, kumbukeni hesabu hiyo.

Na lipo lililonichekesha, ingawa si la kucheka. Watafiti walipowauliza watu kiharusi kinatoka wapi, wa Dar wengi walitaja mapepo na uchawi. Wa Hai walitaja presha, mafuta na mawazo mengi. Kijiji kikasema ugonjwa, jiji likasema pepo. Kwa hiyo akianguka mtu huko mjini, mdomo umepinda, mkono haushiki, maneno yanakorogeka, msiite maombi kwanza. Ombeni mkiwa ndani ya teksi kwenda hospitali. Mungu anasikia hata kwenye foleni ya Ubungo.

Mnaniuliza: tukiishusha presha, akili inapona kweli? Kilichokufa hakifufuki. Lakini kinachofuata kinaweza kuzuilika. Kule Marekani watafiti walichukua watu 9,361 wenye miaka 50 na zaidi, wenye presha lakini wasio na kisukari wala historia ya kiharusi. Nusu wakashushwa mpaka kipimo cha juu kiwe chini ya 120, nusu chini ya 140. Mwaka 2015 matibabu yale yakasimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa walioshushwa zaidi walikuwa wanapata magonjwa machache ya moyo na vifo vichache. Yalipotoka matokeo ya akili 2019, wale wa chini ya 120 walikuwa wamepungukiwa na ule udhaifu wa fikra unaotangulia demensia kwa 19%. Demensia yenyewe nayo ilionekana kupungua, ila matukio hayakutosha kuthibitisha. Nawaambia na upungufu wake ili msije mkasema Baba anatia chumvi.

Lakini utafiti ninaoupenda ni wa China, kwa sababu waliotibu watu hawakuwa maprofesa wa mjini. Walichukua vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye miaka 40 na zaidi. Katika nusu ya vijiji waliopewa kazi ni madaktari wa kijiji, watu wa zahanati tu kama ya kwetu: kupima, kutoa dawa za bei nafuu, kufuatilia, kuwafundisha watu wajipime nyumbani, presha ishuke chini ya 130 kwa 80. Baada ya miaka 4 demensia ilikuwa imepungua kwa 15% ukilinganisha na vijiji vingine. Matokeo hayo yalitoka 2025. Kilichofanya kazi ni dawa ile ile ambayo ninyi mnaijua, ikimezwa kila siku na mtu anayefuatiliwa kila mwezi.

Na umri? Kule London wamewafuatilia watumishi wa serikali tangu 1985. Waliokuwa na kipimo cha juu cha 130 au zaidi walipofika miaka 50, hatari yao ya demensia baadaye ilizidi ya wenzao kwa 45%, hata wale ambao moyo wao haukuugua. Kipimo hicho hicho kikichukuliwa mtu akiwa na 60 au 70, tofauti hiyo haikuonekana. Someni hapo vizuri, wewe wa 48 na wewe uliyefanya sherehe ya 50 mwezi wa nane. Mimi nimeshachelewa kwa baadhi ya mambo. Ninyi ndio mlio katikati ya wakati wenyewe.

Najua kwa nini mnaacha dawa, hata msiponiambia. Mmoja aliacha alipoona presha imerudi 125, akasema amepona. Hukupona, mwanangu, dawa ilikuwa inafanya kazi yake. Mwingine miguu ilivimba. Amlodipini huwafanyia hivyo baadhi ya watu, kama vile kaptoprili inavyowapa wengine kikohozi kikavu. Rudi kwa daktari akubadilishie, zipo za aina nyingi. Mwingine aliuziwa unga wa mlonge na kitunguu saumu kwenye basi. Kula mlonge, ni mboga nzuri, ila kidonge kisikatwe kwa ajili yake. Na lile mnalonong'onezana wanaume, kwamba dawa zinamaliza nguvu za ndoa: zipo chache zinazoweza kuleta shida hiyo, na presha yenyewe isipotibiwa inaileta zaidi, kwa kuwa inaharibu mishipa ya huko pia. Mwambieni daktari waziwazi. Ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Wako pia wanaoacha kwa sababu zahanati haina dawa mwezi huo, au hela imekwenda kwenye ada. Hao siwalaumu. Lakini ninyi mnaochanga milioni kwa tarumbeta na maturubai ya msiba wa mzee, mngeweza kuchanga vidonge vyake akiwa hai. Nimeshalisema hilo kwenye kikao cha ukoo, na kikao kikahamia ajenda nyingine.

Kuhusu sisi wazee, kuna tahadhari. Msimshushie mzee presha kama mnashusha bendera. Mtu wa miaka 80 anafaidika na dawa: utafiti uliotoka 2008, wa watu wa miaka 80 na kuendelea, ulionyesha vifo vimepungua kwa 21%. Lakini wao walilengwa 150 kwa 80, si 120. Mzee aliyedhoofika, anayepungua uzito, anayeyumba akisimama, presha ikishuka mno ubongo wake unakosa damu na nyonga yake inavunjika. Apimwe amekaa, kisha apimwe amesimama. Ikianguka sana akisimama, daktari aambiwe. Na asiamke kitandani kwa kuruka. Akae ukingoni kwanza.

Dawa za maumivu nazo. Hapa kijijini kila mwenye goti bovu ana diklofenaki mfukoni, anakula kama karanga. Dawa za kundi hilo zinapandisha presha na kuumiza figo, na zinaipinga dawa ya presha unayomeza asubuhi. Nani aliwahi kuwauliza wazazi wenu wanameza nini kingine? Fungueni mifuko yao mtashangaa.

Chumvi mnaijua, nisirefushe. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, soseji na vile vipande vya kuungia mchuzi. Ile chumvi mbichi mnayowekewa pembeni ya sinia la nyama choma ili mchovye, peke yake inaweza kumaliza kijiko hicho kabla ndizi hazijafika. Huko China tena, vijiji 600, walibadilisha robo ya chumvi ya kawaida kwa chumvi ya potasiamu, na viharusi vikapungua kwa 14%. Mwenye ugonjwa wa figo asiijaribu bila kuuliza. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, jamani. Sijasema iachwe. Nimesema kibuyu kimoja kina mwisho wake.

Basi Krismasi hii mashine ya presha itatoka kwenye kabati la vioo mlikoiweka na karatasi yake ya duka. Ni ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Mtu aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usiofunikwa na nguo juu ya meza usawa wa moyo, na mdomo umefungwa, hata kama kuna habari ya kiwanja. Tunapima mara mbili, tunaandika kwenye daftari, jina na tarehe. Kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa, kwa hiyo atakayezidi 140 kwa 90 tutarudia siku zinazofuata, na akiendelea hivyo anakwenda zahanati kabla ya kupanda basi la kurudi. Kahawa, sigara na pombe zinaharibu kipimo kama hazijapita dakika 30. Kwa hiyo ni asubuhi, kabla chupa ya kahawa haijatoka jikoni na kabla pipa la mbege halijafunuliwa, na wakwe wanaosema wao ni wageni nao watakunja mkono wa shati.